Neno la Mzazi Si Tishio

KUTOKA MEZANI PA KARANI



Jumatatu ya juma lililopita, kabla sijafungua hata daftari la ubatizo, alinijia mzee mmoja wa kigango chetu. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi, akaweka kofia yake magotini, akanyamaza kitambo. Wengi wenu mwajua kwamba karani wa parokia hana kazi ya vyeti na zaka tu. Huwaandikia watu barua pia. Basi nikachukua karatasi nikangoja. Mwishowe akasema: “Mwanangu, juzi katika mkutano wa shule nimeitwa gaidi.”

Habari yenyewe ni hii. Shule anakosoma binti yake ilitangaza kwamba watoto wa darasa la saba watalala shuleni, wakae kambi mpaka siku ya mtihani, wapate kujisomea usiku. Wazazi hawakuulizwa. Walipewa tu karatasi ya kuleta unga, maharagwe na godoro. Mzee wetu alisimama mkutanoni akauliza: Mabinti watalala chumba gani? Mlango una kitasa? Nani atalala karibu nao, mwalimu mwanamke au mwanamume? Akaambiwa akae. Hakukaa. Akapaza sauti, akapiga meza. Ndipo mmoja wa wakubwa wa mkutano aliposema mbele ya watu wote kwamba mtu mwenye kuvuruga mkutano namna hiyo ni gaidi, na magaidi wana mahali pao. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Alitaka nimwandikie barua palepale. Nilimwona bado anatetemeka mikono, nikamwomba arudi Jumatano. Nami sikupata usingizi vizuri usiku ule, maana maneno yake yalinikumbusha habari ya Marekani niliyokuwa nikiifuata kwa miaka kadhaa. Huko nako neno hilohilo liliwaangukia wazazi kwa ajili ya mambo ya shule, na nchi nzima ikagombana. Leo nitawasimulia habari hiyo, kisha nitawaambia tuliandika nini katika barua ya mzee.

BARUA YA MWAKA 2021

Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulifunga shule za Marekani. Watoto wengi walisomea nyumbani, mbele ya kompyuta, na wazazi waliokuwa wamekaa kando wakasikia kwa masikio yao wenyewe yale watoto wanayofundishwa. Shule zilipofunguliwa yakazuka magomvi. Watoto wavae barakoa au wasivae? Habari za utumwa na ubaguzi wa rangi zifundishwe kwa namna gani? Vitabu gani viwekwe maktabani?

Yafaa mjue kwamba kule shule za serikali huongozwa na bodi ya wilaya, na mahali pengi wajumbe wa bodi huchaguliwa kwa kura. Mikutano yao huwa wazi, na mwananchi hupewa dakika chache za kusema yaliyomo moyoni. Basi katika mwaka 2021 mikutano ile ilijaa watu. Wengi walisema neno lao wakaenda zao. Wengine walipiga kelele. Na wengine, hatuna budi kusema kweli, walivuka mpaka: wajumbe wa bodi walitumiwa vitisho, wao na jamaa zao.

Tarehe 29 Septemba 2021, chama cha bodi za shule cha taifa, National School Boards Association, kilimwandikia Rais Joe Biden kuomba msaada. Kama kingalisema tu, “Tunatishwa, tulindeni,” nani angaliwalaumu? Lakini barua ilisema kwamba matendo hayo yaweza kuhesabiwa kuwa sawa na aina ya ugaidi wa ndani ya nchi. Ikaiomba serikali itazame sheria zake mbalimbali, pamoja na ile iitwayo Patriot Act, iliyotungwa mwaka 2001 baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba.

Siku tano baadaye, yaani tarehe 4 Oktoba, Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Merrick Garland, aliiagiza FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, ikutane na viongozi wa kila sehemu katika muda wa siku 30, washauriane jinsi ya kuzuia vitisho hivyo. Tumtendee haki mtu huyu: waraka wake haukuwaita wazazi magaidi, tena ulisema kwamba mabishano makali juu ya mambo ya watu wote yanalindwa na katiba.

Hata hivyo mshale ulikuwa umekwisha kuruka. Wale waitwao wahafidhina, yaani watu wanaosema kwamba familia ilikuwako kabla ya serikali na kwamba serikali haina budi kuwekewa mipaka, waliona hatari. Walisema: Mtu akitisha kuua, sheria za kumkamata zipo tangu zamani, na polisi wa mahali pake wanatosha. Lakini mkilileta neno ugaidi, na wapelelezi wa serikali kuu nyuma yake, mama aliyetaka kuuliza habari ya kitabu atakaa nyumbani. Hatakamatwa, la, ataogopa tu, naye ataacha kuuliza.

Tarehe 22 Oktoba chama kile kiliomba radhi, kikakiri kwamba baadhi ya maneno ya barua yake hayakuwa na udhuru. Ulimi hauna mfupa, lakini kalamu nayo haina. Vyama vya majimbo mengi vilijitoa katika chama cha taifa. Mwezi wa Novemba ikajulikana kwamba FBI, pamoja na kitengo chake cha kupambana na ugaidi, ilikuwa imeweka alama maalumu ya kukusanya habari za vitisho dhidi ya watu wa shule. FBI ilieleza kwamba alama ile ni ya kuhesabu vitisho tu, wala haikuwekwa kwa ajili ya wazazi wanaosema. Wahafidhina hawakuridhika.

Katika mwezi uleule jimbo la Virginia lilimchagua gavana. Mmoja wa wagombea, Terry McAuliffe, alikuwa amesema katika mjadala kwamba haoni kuwa wazazi ndio wa kuziambia shule zifundishe nini. Mpinzani wake, Glenn Youngkin, alilishika neno hilo akazunguka nalo jimbo zima. Tarehe 2 Novemba Youngkin akashinda. Sisemi alishinda kwa neno hilo peke yake. Uchaguzi una mambo mengi. Lakini tangu siku ile hakuna mwanasiasa wa Marekani asiyejua kwamba haki ya wazazi ni jambo zito.

UGAIDI TWAUJUA

Hapa nataka tusimame kidogo. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kufundishwa maana ya ugaidi. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, wakafa watu 224, wengi wao wapita njia na watu waliokuwa kazini mwao. Tarehe 2 Aprili 2015, katika chuo kikuu cha Garissa, waliuawa watu 148, na walio wengi ni vijana waliokuwa wamelala mabwenini. Wako wazazi waliopeleka mtoto chuoni wakarudishiwa maiti.

Gaidi ni mtu anayeua watu asiowajua ili wanaobaki waishi kwa hofu. Basi ukilimwaga neno hilo juu ya kila mwenye hasira, unafanya makosa mawili kwa mkupuo mmoja. Unamdhulumu mwenye hasira, na unawadhulumu waliokufa. Tena unajipofusha mwenyewe, maana siku gaidi wa kweli atakapotajwa, watu watadhani ni baba fulani anayeuliza habari ya kitasa.

MASISTA WA OREGON

Labda mtauliza: Haki hii ya wazazi imetoka wapi? Je, si fasheni mpya tu ya siasa? Hapana. Na katika historia yake Masista wana sehemu kubwa.

Oregon ni jimbo la magharibi ya Marekani, kando ya bahari ya Pasifiki. Tarehe 7 Novemba 1922 raia wa jimbo hilo walipiga kura juu ya sheria moja. Sheria ilitaka kila mtoto wa miaka 8 hadi 16, asiyekwisha kumaliza darasa la nane, aende shule ya serikali, wala si nyingine. Mzazi atakayekaidi angetozwa faini au kufungwa. Watu zaidi ya 115,000 waliikubali, na zaidi ya 103,000 waliikataa. Ikapita. Ingalianza kutumika mwezi wa Septemba mwaka 1926, na shule za misheni zote zingalifunga milango.

Nani waliipigania sana sheria hiyo? Mmoja wao ni Ku Klux Klan, chama kilichozaliwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kikafufuliwa mwaka 1915. Hicho ndicho chama kilichowachapa, kuwachomea nyumba na kuwaua watu Weusi ili wasidai haki zao, na kilichowachukia pia Wakatoliki, Wayahudi na wageni. Angalieni vizuri jambo hili: wale waliojua kazi ya kutisha watu ndio waliotaka kuwanyang'anya wazazi watoto wao, nao walisema kwamba wanatafuta umoja wa taifa.

Masista wa Majina Matakatifu ya Yesu na Maria walikuwa Oregon tangu mwaka 1859, wakifundisha na kulea yatima. Hawakupiga meza. Walikwenda mahakamani, wao pamoja na shule moja ya kijeshi ya watu binafsi iliyoitwa Hill Military Academy. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 1 Juni 1925 majaji wote, bila hata mmoja kupinga, waliitangua sheria ile. Jaji James McReynolds aliandika kwamba mtoto si kiumbe cha serikali tu. Wale wanaomlea na kumwongoza wana haki, na tena wajibu mkubwa, wa kumtayarisha kwa maisha yake.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1923, mahakama hiyo ilikuwa imemwokoa mwalimu mmoja wa shule ya Kilutheri katika jimbo la Nebraska, aliyetozwa faini ya dola 25 kwa kosa la kumfundisha mtoto wa miaka 10 kusoma Kijerumani. Na neno la Oregon lilifika mpaka Roma. Papa Pius XI, katika barua yake juu ya malezi ya Kikristo ya vijana, ya tarehe 31 Desemba 1929, aliitaja hukumu ile kuwa ushuhuda wa haki ya familia. Kisha mwaka 1948 mataifa yalipotangaza haki za binadamu, waliandika katika kifungu cha 26 kwamba wazazi ndio wenye haki ya kwanza ya kuchagua namna ya elimu watakayopewa watoto wao.

Lakini msifikiri kwamba kila serikali inayogusa shule za dini ina nia ya Ku Klux Klan. Wazee wetu wa Tanzania wakumbuka kwamba Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali. Wengi walisikitika. Hata hivyo shabaha iliyotajwa ilikuwa watoto wa dini zote wapate nafasi sawasawa, na vipindi vya dini viliendelea kuwako shuleni. Mtu aweza kupinga jambo pasipo kumwita mwenzake adui. Hilo nalo ni sehemu ya somo la leo.

MARYLAND, MWAKA 2025

Mambo ya Oregon ni ya karne iliyopita. Sasa nawapa ya juzi. Katika wilaya ya Montgomery, jimbo la Maryland, bodi ya shule mwaka 2022 ilileta katika madarasa ya watoto wadogo vitabu vya hadithi vilivyokuwa na habari za mapenzi ya jinsia moja na za watu wanaobadili jinsia. Mwanzoni mzazi aliyetaka aliweza kumtoa mtoto wake katika kipindi hicho. Mwezi wa Machi 2023 bodi ikasema basi. Hakuna tena kuarifiwa wala kutolewa.

Wazazi waliokwenda mahakamani walikuwa Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi wa Ukrania. Yafikirini hayo: watu wasiosali pamoja, wamekaa benchi moja kwa ajili ya watoto wao. Hawakudai vitabu vichomwe. Hawakudai watoto wa wengine wasivisome. Walidai jambo moja: tujulisheni mapema, mkawaache watoto wetu watoke.

Bodi nayo ilikuwa na maneno yake. Ilisema watoto wanaotolewa wamekuwa wengi, walimu hawawezi tena kuendesha darasa, na watoto wengine wataona kwamba jamaa zao wanadharauliwa. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama Kuu, majaji sita kwa watatu, iliamua kwamba wakati kesi inaendelea bodi lazima iwaarifu wazazi hao na kuwaruhusu kuwatoa watoto wao. Jaji Samuel Alito aliandika hukumu. Jaji Sonia Sotomayor, aliyepinga, alionya kwamba shule ya watu wote ndiyo mahali watoto wa kila namna wanapojifunza kuishi pamoja, na kwamba kila mzazi akichagua kipande chake, shule itavunjika vipande.

Mimi naona wazazi walikuwa na haki. Lakini sitaki mdhani kwamba neno la Jaji Sotomayor ni upuzi. Nilisoma chuo cha ualimu, najua maana ya darasa la watoto wengi na mwalimu mmoja. Nitawakiria kosa langu. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, mama mmoja alikuja mlangoni kuuliza kwa nini mwanawe amehamishwa nyuma ya darasa, naye haoni vizuri. Nilimwambia angoje mpaka saa ya mapumziko, nikafunga mlango. Mapumziko yalipofika alikuwa amekwenda zake, maana alikuwa na shamba. Nilijisifu moyoni kwamba nimelinda somo. Muhula mzima yule mtoto alinakili ubao kwa kubahatisha. Mama yake alijua jambo ambalo mimi, na vitabu vyangu vyote, sikulijua. Uchungu wa mwana aujua mzazi.

MPAKA UKO WAPI?

Sasa, wasomaji wapenzi, msije mkaondoka na nusu ya habari. Haki ya mzazi si fimbo ya kumpiga kila mtu, wala si pazia la kufichia uovu.

Hukumu ileile ya Oregon ilisema kwamba serikali yaweza kuzikagua shule, kuwapima walimu, na kudai kila mtoto asome. Na mwaka 1944, katika kesi nyingine, mahakama ile iliamua kwamba haki ya wazazi na walezi ina mpaka, hata inapotajwa kwa jina la dini, pale usalama wa mtoto unapokuwa hatarini. Kwa hiyo baba anayemtoa binti yake darasa la sita ili amwoze, akasema “mtoto ni wangu,” asije kwangu kutaka barua. Mtoto si kiumbe cha serikali, kweli. Lakini si ng'ombe wa baba yake pia. Mzazi amepewa haki hii kwa sababu ana wajibu, na akiutupa wajibu, haki yake inabaki ganda tupu.

Na mpaka wa pili ni ulimi. Hasira ya mzazi si dhambi kila mara. Lakini kuuliza kwa ukali ni jambo moja, na kutisha ni jambo jingine. Wale wachache wa Marekani waliowatumia wajumbe wa bodi vitisho waliwadhuru nani zaidi? Waliwadhuru wazazi wenzao. Kama wasingalituma vitisho vile, barua ya Septemba ingalikosa la kusimulia. Waliwapa wakubwa sababu ya kuwatia wote kapu moja, mwenye kuuliza na mwenye kutisha.

BARUA YA MZEE

Jumatano mzee alirudi. Nilimsimulia habari hizi zote, kwa kifupi kuliko nilivyowasimulia ninyi. Alisikiliza. Aliwapenda sana wale Masista. Kisha tukaanza barua. Yeye alisema, mimi nikaandika:

“Mwalimu Mkuu, salamu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la saba. Sipingi watoto kujisomea. Nataka binti yangu afaulu. Lakini kabla hajalala shuleni naomba kujulishwa mambo manne: chumba watakacholala mabinti, kitasa cha mlango wake, jina la mwalimu mwanamke atakayekuwa nao usiku, na njia ya mzazi kufika mtoto akiugua. Naomba pia wazazi waitwe tena, waulizwe, kabla ya kambi kuanza. Nilipiga meza siku ya mkutano, na kwa hilo naomba radhi. Kwa kuuliza siombi radhi.”

Hapo nilifurahi, nikadhani tumemaliza. Lakini mzee akaniambia: “Ongeza mstari mmoja. Andika: Usiponijibu, yatakayotokea usinilaumu.”

Niliweka kalamu chini.

“Mzee,” nikasema, “hilo siliandiki.”

“Kwa hiyo wao waniite gaidi mbele ya watu, mimi nisiseme kitu?”

“Umesema, tena vizuri. Lakini mstari huu ukiuandika, hutakuwa umewajibu. Utakuwa umewapa shahidi. Kesho watausoma mkutanoni, na maswali yako manne hayatasomwa.”

Alinitazama kwa muda. Naona alikuwa ananipima: kijana huyu ananiheshimu au ananiogopesha? Mwishowe akasema: “Isome tena yote.” Nikaisoma. Nilipofika mwisho akachukua kalamu akatia sahihi yake, pole pole, herufi moja moja, maana hakusoma sana. Kisha akasema, “Binti yangu ndiye atakayeipeleka. Na ajue baba yake ameandika nini.”

Jibu lilikuja Ijumaa. Mwalimu Mkuu ameita wazazi wakutane tena Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Fundi amekwisha kupelekwa kutia kitasa. Juu ya mwalimu mwanamke, shule inasema bado inatafuta, maana aliyepo ni mmoja tu na ana mtoto mchanga. Wale waliolitupa neno gaidi hawajasema lolote.

Nilimwuliza mzee kama hilo limemwuma. Alisema: “La radhi laweza kungoja, mwanangu. La binti yangu haliwezi.”

Basi, ninyi akina baba na akina mama mnaosoma ukurasa huu, mlioacha majembe yenu jioni hii, nawaomba mambo mawili. Kwanza, nendeni katika mikutano ya shule. Msiende siku ya ugomvi tu. Nendeni siku ya kawaida, mjulikane, ili siku ya kuuliza neno zito msionekane wageni. Mjue jina la mwalimu wa mtoto wenu, naye ajue lenu. Wenzetu wa Marekani wengi hawakujua shule inafundisha nini mpaka ugonjwa ulipowaonyesha. Sisi tusingoje ugonjwa.

Pili, ninyi mliopewa viti vya mbele, walimu wenzangu na wajumbe wa kamati, mzazi akisimama na sauti yake ikapanda, msiangalie sauti tu. Angalieni anachouliza. Akitisha mtu, semeni wazi kwamba ametisha, na sheria ipo. Lakini kama anauliza nani atalala karibu na binti yake, mjibuni.

Jumamosi nitakuwa mkutanoni, nyuma kabisa, pamoja na wazazi wengine. Huenda nikamwona yule mama wa mlangoni. Mtoto wake mdogo sasa yuko darasa la saba. Nikimwona nitamwamkia kwanza mimi, kisha nitamsikiliza.

Mimi, karani wenu.